Hitimisho la Darasa la Nne

Bango lilikuwa limebandikwa pembeni mwa mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, mahali ambapo hata asiyejua kusoma angelazimika kulitazama. Lilikuwa la karatasi ngumu ya manjano, limechorwa maua kwenye kona, na katikati yake vimegandishwa vipande viwili vya kitambaa. Cha kulia, kilichoandikwa Sabuni ya Unga ya Mwalimu wa Sayansi, kilikuwa cheupe pepe. Cha kushoto kilikuwa na vidoa vya kahawia, vidogo vidogo, kama vile mtu amekikoholea chai. Chini yake, kwa mwandiko mzuri ajabu, paliandikwa: HITIMISHO: SABUNI YA SHANGAZI POVU INAHARIBU MASHATI YETU.

Shangazi Povu mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya bango hilo, na furushi la mashati arobaini kichwani.

Alilisoma mara ya kwanza haraka haraka, akadhani macho yamemkosea adabu. Akalisoma mara ya pili neno kwa neno, midomo ikicheza. Mara ya tatu hakusoma. Alitazama tu utepe mwekundu uliobandikwa juu: Nafasi ya Kwanza, Maonyesho ya Sayansi ya Shule za Msingi. Kwa hiyo hakutukanwa tu. Alitukanwa, na tusi likapewa zawadi.

Miaka kumi na tisa mama huyu alikuwa dobi wa shule ile. Watoto wa bweni ndio waliompa jina la Povu, siku alipozidisha sabuni kwenye beseni, povu likatambaa mpaka mlangoni mwa jiko na mpishi akatoka mbio akidhani gesi imevuja. Jina likamganda. Alikuwa na mikono mipana, iliyokunjamana kwenye vidole kama zabibu kavu, na kifundo kimoja kilichokuwa kigumu kwa kusugua kola. Kola za watoto, kwa kweli, ni shule nyingine.

Kazi alifundishwa na mama yake mkubwa, aliyekuwa dobi wa hospitali na mkali kama pasi ya mkaa. Mama mkubwa alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: usilivamie doa kabla hujajaribu dawa yako kwenye upindo wa ndani, pasipoonekana. Ya pili ilikuja pamoja na kuvutwa sikio: nguo ikiharibika na hujui kwa nini, badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha sabuni, maji usiyaguse. Ukibadilisha maji, sabuni iache. Ukigusa vyote kwa pamoja, utaona nguo imepona lakini hutamjua aliyeiponya.

Vile vidoa vilianza baada ya likizo. Na ni nani aliyekuwa wa kwanza kusema? Ni yeye mwenyewe. Mara mbili alimwendea mlezi wa bweni na shati mkononi, mara mbili akaambiwa jambo lake litafikishwa. Halikufika kokote, ila lilipitia darasa la nne, na huko likageuzwa jaribio. Kutoka darasa lile hadi karo lake la kufulia, nyuma ya jiko, ni hatua themanini. Hakuna hata mmoja aliyezitembea kuja kumuuliza.

Alitua furushi barazani, akapiga hodi, akaingia kabla hajajibiwa.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa "tuyamalize", hata jambo likiwa halijaanza. Alimkaribisha kiti, na kwa sauti laini ya kumpoza mtoto aliyeanguka, akamweleza kwamba wazazi wamelalamika kuhusu mashati, kwamba Jumamosi kuna mkutano wa wazazi na bango litasomwa mbele yao, na kwamba kuanzia Jumatatu atakuja dobi mwingine, mwenye mashine.

"Si mimi, mama," alisema. "Sayansi imesema."

"Sayansi ndiyo iliyosema, au darasa la nne ndilo lililosema?"

"Watoto wamefanya jaribio."

"Na hilo jaribio lilikuja kuniuliza hata swali moja? Mwizi wa kuku mwenyewe huulizwa jana alikuwa wapi."

Mwalimu mkuu akamfafanulia kwamba jaribio haliulizi watu, linatazama ushahidi. Alisema akitabasamu, na lile tabasamu ndilo lililomchoma Shangazi Povu kuliko maneno. Lilikuwa tabasamu la mtu anayemwonea huruma mwenzake kwa kutojua. Alitoka bila kuaga, jambo ambalo hajawahi kulifanya katika ofisi ile, akayafua mashati arobaini kwa hasira mpaka vifungo vitatu vikang'oka. Akavishona tena.

Nyumbani alimkuta mumewe barazani na baiskeli ya mteja imepinduliwa magurudumu juu. Mumewe ni fundi baiskeli, mpole, asiyependa kelele. Alimsikiliza mkewe huku akiuzungusha mpira wa ndani kwenye beseni la maji, akitafuta pancha kwa kutazama viputo. Mwishoni akatoa ushauri wake: aende kesho akaombe radhi, anunue sabuni ya unga kama ya yule mwalimu wa sayansi, yaishe.

Shangazi Povu alimtazama kama mtu aliyeumwa na kuku wake mwenyewe.

"Baba watoto, gurudumu likichomwa na msumari, wewe unabadilisha pampu?"

Kiputo kimoja kikatoka majini, kikapasuka. Fundi akaweka kidole gumba pale pale kilipotokea, kama kawaida yake, na ndipo akasema, taratibu, kwamba basi kama ni hivyo asiende kupigana. Aende akawaulize walivyofua.

Alhamisi, kipindi cha tatu, Shangazi Povu alisimama mlangoni mwa darasa la nne. Mwalimu wa sayansi alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mpenda kazi. Hilo la kupenda kazi tuliseme kwa haki, maana ukutani alikuwa amewaandikia watoto hatua zote kwa rangi: swali, kisio, jaribio, matokeo, hitimisho. Tena chini yake ameongeza kwamba mwanasayansi haogopi kuulizwa. Sasa aliyekuja kuuliza ni dobi, na watoto hamsini na wawili wanatazama. Angemfukuzaje?

Shangazi Povu hakupaza sauti. Alikuwa amelibandua bango ofisini bila kumwomba mtu ruhusa, akaliegemeza kwenye ubao. Aliuliza ni nani aliyekifua kile kipande cheupe.

Akasimama msichana mdogo, mwenye kalamu nyuma ya sikio. Wenzake walimwita Mwandiko, na ndiye aliyeandika bango lote.

"Mimi na mwalimu, Shangazi."

"Wapi?"

"Nyumbani kwa mwalimu. Kwa sababu sabuni ya unga ilikuwa huko."

"Kwa maji gani?"

"Ya bomba la mtaani kwake."

"Mkaanika wapi?"

"Kwenye kamba yake ya nailoni."

"Na hiki chenye vidoa?"

Mwandiko alianza kujibu kwamba hicho kilifuliwa karoni, kwa mche wa sabuni ya Shangazi, kwa maji ya tangi la shule, kikaanikwa kwenye waya wa shule. Alianza kwa haraka, akamaliza polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani na kuhisi kwamba ngazi moja haipo.

"Mwalimu," akasema Shangazi Povu, "hapo mlipima sabuni, au mlipima nyumba yako na shule?"

Mtoto mmoja wa nyuma akacheka, akajutia. Mwalimu alizitazama hatua zake tano ukutani. Masikio yalimwiva. Halafu akasema, kwa sauti ya chini lakini kila mtu akasikia, kwamba walibadilisha vitu vitatu kwa mpigo. Sabuni, maji na pa kuanikia. Kwa hiyo hawakujua lolote, ila waliandika kana kwamba wanajua.

Hapo Shangazi Povu angeweza kuishia, akaondoka na ushindi wake. Lakini hasira hazina breki. Akatangaza kwamba yeye anamjua mharibifu. Ni waya. Ule waya wa kuanikia ambao shule iliufunga badala ya kamba zake nzuri, waya uliochubuka, kila siku anaupangusa na kila siku haukomi kutoa kutu. Akasema isipokuwa waya, wamfukuze kesho hiyo hiyo, wala wasingoje Jumatatu.

Mwandiko akachomoa kalamu sikioni, akaandika kwenye daftari: Kisio la Shangazi Povu ni waya. Shangazi Povu aliyaona maneno yake yamekaa pale kwa wino, na ghafla hayakumpendeza sana.

Wakafanya upya, karoni, chini ya macho ya mpishi aliyeacha sufuria zake kuja kutazama. Shangazi Povu alichana shuka kuukuu jeupe vipande vinne. Kwenye kona ya kila kipande akatia alama ya uzi mwekundu kama madobi wanavyofanya ili nguo za watu zisichanganyike: mshono mmoja, miwili, mitatu, minne. Cha kwanza: sabuni yake, maji ya tangi, waya. Cha pili: sabuni yake, maji ya tangi, lakini kamba. Cha tatu: sabuni ya unga, maji ya tangi, waya. Cha nne: sabuni yake, waya ule ule, lakini maji ya bomba la barabarani, ambayo aliyabeba mwenyewe kwenye ndoo, akikataa kusaidiwa. Kila kimoja kililoweshwa muda ule ule na kusuguliwa mara zile zile, na darasa zima likihesabu kwa sauti mpaka mwalimu wa darasa la tano akachungulia dirishani kuuliza kama kuna harusi.

Wakarudia mara tatu, kila mara kwa vipande vinne vipya, kwa sababu Mwandiko aliuliza je, kama ni bahati mbaya tu? Hilo lilimshangaza Shangazi Povu. Mtoto aliyekuwa amemhukumu kwa jaribio moja sasa anataka matatu.

Ijumaa asubuhi vyote kumi na viwili vilikuwa vimekauka, na mafungu yote matatu yalifanana. Watoto wakaunda duara. Kipande cha mshono mmoja kilikuwa na vidoa. Kipande cha mishono miwili, kile cha kamba ambacho hakijawahi kuuona waya kwa mbali, kilikuwa na vidoa vile vile.

"Si waya, Shangazi," alisema Mwandiko.

Yule mtoto wa nyuma, safari hii bila kucheka, akauliza kama sasa Shangazi ataondoka. Shangazi Povu alihisi joto likimpanda kutoka shingoni. Alikuwa amewaadhiri wenzake kwa kuhitimisha kabla ya kupima, na saa hiyo hiyo akafanya yale yale. Akamwambia Mwandiko alifute lile kisio daftarini.

"Mwalimu anasema kisio halifutwi," Mwandiko alijibu kwa upole. "Tunaandika pembeni kwamba halikuwa kweli."

"Basi andika," alisema Shangazi Povu. "Andika vizuri, lisomeke."

Kipande cha tatu, kilichofuliwa kwa sabuni ya mwalimu, kilikuwa na vidoa. Sabuni ya unga, pamoja na harufu yake yote ya maua, haikuokoa kitu. Na cha nne, chenye sabuni yake iliyoandikwa kwa herufi kubwa mlangoni mwa ofisi, kilikuwa cheupe bila hata nukta. Mwandiko alikigeuza upande huu na huu. Akatazama tangi. Wote wakatazama tangi.

Tangi lile la chuma lililetwa wakati wa likizo. Mwenyekiti wa kamati ya shule alilitoa kwenye jengo lake la zamani, likapakwa rangi ya kijani kibichi kwa nje, akapigwa picha akiwa ameliwekea mkono kama mtu na ng'ombe wake. Mwalimu wa sayansi alivua viatu, akapanda ngazi, akafungua kifuniko, akaingiza mkono na kusugua ukuta wa ndani. Alipoutoa, ulikuwa wa kahawia mpaka kwenye kiwiko. Alishuka akawaonyesha.

"Na tunayanywa hayo hayo," alisema Mwandiko.

Sasa mtu mwenye akili timamu angedhani mambo yangeishia hapo. Ukweli umeonekana, tangi lishushwe, dobi aombwe radhi. Lakini mchana huo Shangazi Povu aliitwa ofisini, akakuta bango limekunjwa na kusimamishwa nyuma ya kabati. Mwalimu mkuu alikuwa na habari njema. Dobi wa mashine ameshaambiwa asije. Kazi ya mama ipo pale pale. Kwa hiyo kesho mbele ya wazazi jambo hilo halitatajwa kabisa, si bango la zamani wala jipya, maana mwenyekiti atakaa mstari wa mbele, na ule utepe mwekundu itabidi urudishwe, na watoto wataona haya. Tangi litaangaliwa siku zijazo.

Alimaliza na kufungua mikono, kama mtu aliyempa mwenzake zawadi na kungoja ashukuriwe. Na Shangazi Povu alikuwa na sababu za kushukuru: watoto wawili shuleni, mume mwenye wateja wa kubahatisha. Kazi ilikuwa imerudi mkononi mwake. Alichotakiwa kukifanya ni kunyamaza.

"Mwalimu," alisema, "mlinianika mchana kweupe, sasa mnataka kunianua gizani. Siku mbili nimepita mlangoni hapo na wazazi wananitazama mikono. Kosa liliandikwa kubwa, na sahihisho liandikwe kubwa. Pale pale."

Mwalimu mkuu akaanza kusema kuhusu haya ya watoto. Alikatizwa na mlango. Aliyeingia ni mwalimu wa sayansi, mkono bado una rangi ya kutu kwenye kucha. Alisema watoto wamekwisha kuandika bango jingine, na wameomba walisome wenyewe. Kama utepe ni wa kurudishwa, ataubeba yeye. Naye ana kazi ya kupoteza, tena ni mgeni, hata mwaka hajamaliza.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mwandiko alipanda juu ya kiti ili aonekane, akasoma. Alisoma kwamba darasa la nne lilikosea, kwa sababu lilibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na kumlaumu mtu kwa kimoja. Alisoma kwamba Shangazi Povu naye alikisia vibaya, akakubali iandikwe. Alisoma vipande vinne, kimoja kimoja, kwa mishono yake. Akafika kwenye maji, akafika kwenye tangi, hakuruka neno. Mwenyekiti alikuwa ameinama anachunguza kiatu chake kana kwamba ameshonewa leo.

Mzazi mmoja, mama aliyebeba mtoto mgongoni, alisimama akauliza swali dogo tu: haya maji yenye kutu, watoto wameyanywa tangu lini?

Mwalimu mkuu akasema kamati itakaa.

"Itakaa lini?" aliuliza yule mama.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, Shangazi Povu akasema kutoka nyuma ya ukumbi, bila kupandisha sauti, kwamba mpaka kamati ikae na isimame, yeye hatafua hata soksi kwa maji yale.

Walidhani ni maneno ya hasira. Jumatatu alikuja kazini saa ile ile, akayabeba mashati machafu ya bweni zima, akayapanga kwenye baraza ya ofisi, furushi juu ya furushi. Jumanne yalifika usawa wa dirisha. Jumatano harufu ikaingia ndani, mwalimu mkuu akahamia maktaba, na wazazi waliokuwa wakipita wakawa wanasimama na kuuliza. Alhamisi mkokoteni ulikuja. Tangi lilishushwa na wanaume sita, likamwaga maji mekundu uani, na jioni hiyo pakawekwa jingine, la plastiki, jeusi, jipya kabisa.

Asubuhi yake mwalimu mkuu alimfuata karoni. Neno la samahani halikumtoka, wala hadi leo halijamtoka. Alisema tu, "Haya mama, maji safi hayo. Anza."

Shangazi Povu alikinga ndoo moja. Mashati hakuyagusa. Alitosa ndani yake kipande cha shuka jeupe chenye mshono mmoja mwekundu, akakisugua, akakisuuza, akakianika, kisha akavuta kigoda na kukaa mbele yake. Mwandiko na wenzake wawili walikuwa wamekuja na madaftari, wakachutama pembeni.

Mwalimu mkuu akatazama rundo la mashati, akatazama saa yake, akauliza kama haoni kwamba wamechelewa.

"Tumechelewa tangu likizo," alisema Shangazi Povu. Hakugeuka. Kitambaa kilikuwa bado kinadondosha matone.